Raba Iliyobaki Mezani

Ninyi mnaoanza kazi ya umeme wa magari siku hizi mna bahati ambayo sisi hatukuipata. Mkikwama mnafungua simu, mnamtazama mtu wa mbali akifanya kazi ileile, mnairudisha nyuma mara tatu, mnaendelea. Sina ubaya na hilo. Mimi mwenyewe miaka yangu ya mwisho nilijifunza mengi hivyo, miwani puani na simu imeegemezwa kwenye betri. Lakini zile video zote zinaisha muziki ukilia na mwenye gari akicheka. Nataka niwasimulie kazi moja ambayo haikuisha hivyo, na aliyeiharibu ni mimi.

Naitwa Nabwire. Kwetu ni Buhehe, ila kibanda changu kilikuwa Busia mjini, upande wa Uganda. Zaidi ya miaka thelathini nimefunga redio, spika na amplifaya kwenye magari ya kila namna, ya wafanyabiashara wanaovuka asubuhi na kurudi jioni, ya makanisa, ya vijana wanaotaka besi itikise vioo vya jirani. Wateja wengine waliniita Fundi, wengine Mama Redio. Mwaka jana macho yalikataa kuona nyuzi ndogo, nikamwachia binti wa dada yangu meza na vyombo vyote.

Kazi nilifundishwa Tororo na Mzee Ochwo, ambaye karakana yake ilikuwa kwenye barabara ya kwenda Rubongi. Wakati huo mwanamke mwenye bisibisi alikuwa kama maonyesho. Watu walisimama kutazama. Mzee Ochwo hakutazama mimi ni nani, alitazama waya niliofunga. Kila nilipomaliza kiungo, alikuja akakishika akakivuta kwa nguvu zote. Kikitoka, alinipa mkononi bila neno, nami nikaanza upya. Mwezi wa kwanza vilitoka vyote. Mwezi wa tatu alivuta kimoja mpaka uso ukabadilika rangi, kisha akasema, "Hii sasa nalala usingizi." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa, na nilimsikia akiisema labda mara tano katika miaka yote.

Sasa tuje kwa Mwalimu Mangeni.

Mwalimu Mangeni wa Bulumbi alikuwa amestaafu kufundisha, akanunua vani nyeupe ya kubeba kwaya ya kanisa lao. Si vani ya kujivunia, lakini aliipenda. Ilikuwa na redio na amplifaya ndogo nyuma, na spika mbili chini ya viti, ili kwaya ikifika mahali wimbo wao uwe umetangulia. Ijumaa moja asubuhi akaniletea amplifaya nyingine, kubwa mara tatu ya ile ya kwanza, aliyoipata kwa mtu upande wa Kenya.

"Fundi," akasema, "kesho mjukuu wa mama yangu anaolewa Funyula, ng'ambo ya Kenya. Nataka tukiingia pale, watu wajue tumeingia."

"Watajua," nikamwambia.

Tuliiunganisha kwenye waya wa zamani kwanza, nimwonyeshe kwa nini haifai. Hili mliweke kichwani. Amplifaya kubwa kwenye waya mwembamba ni kama kumnywesha ng'ombe kwa mrija wa soda. Besi ilipopiga, taa za mbele zilififia. Ikipiga tena, zinafifia tena, kama gari linakonyeza. Nikapima umeme kwenye betri, nikapima kwenye amplifaya. Mbele volti zilikuwa kumi na mbili na zaidi, nyuma hazikufika kumi na moja. Nikamwambia aguse waya. Akaugusa akatoa mkono haraka.

Kwa hiyo tukakubaliana kubadilisha waya wote: waya mwekundu mnene kama kidole cha mwisho, kutoka betri mpaka nyuma, na mweusi wa unene uleule wa kurudi kwenye bodi, yaani chuma cha gari lenyewe. Nilikata kipande kidogo cha ule mwekundu nikaukwangua kwa kisu kabla ya kuulipia. Siku hizi zinauzwa nyaya zenye rangi ya shaba nje na ndani ni nyeupe, alumini tupu. Mzikwangue kila mara, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Ule ulikuwa shaba mpaka ndani. Chini ya kiti cha nyuma nilikwangua rangi ya bodi mpaka chuma kikang'aa, nikaufunga waya mweusi pale, nikauvuta kama Mzee Ochwo. Haukusogea.

Mpaka hapo nilikuwa fundi mzuri.

Shida ilianza kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Tundu la zamani lilikuwa dogo, waya mpya haukupita. Nikatoboa jipya. Mnajua chuma kikitobolewa kinavyobaki na meno. Tundu la namna hiyo hupigwa tupa, halafu linavalishwa raba ya duara, kama pete nene yenye mfereji, ili waya upite katikati ya raba na usiguse chuma kamwe. Raba ya ukubwa ule sikuwa nayo. Nikaagiza duka la vipuri, ikaja Jumamosi asubuhi, nikaiweka mezani.

Shida ya pili ilikuwa fyuzi. Kikasha cha fyuzi cha zamani, kilichokaa karibu na betri, hakikuweza kuumeza waya mnene. Kipya nilikuwa nacho. Lakini nilikuwa nimeuzungusha waya mbali na bomba la moshi, ukala urefu zaidi ya nilivyopima, na sasa kuukata karibu na betri niweke kikasha kungenilazimu kuhamisha kila kitu upya. Nyuma, kando ya amplifaya, kulikuwa na nafasi nzuri. Nikakifunga huko. Nikajiambia fyuzi ni fyuzi.

Wakati najiambia hivyo, akina mama wanane wa kwaya walikuwa wamesimama nje ya kibanda changu na vitenge vyao vya rangi moja, wakiimba sauti ya kwanza na ya pili. Walikuwa wamekuja mjini mapema kwa bodaboda ili waondoke na vani. Mwalimu Mangeni alikuwa anatazama saa. Walikuwa bado wanatakiwa kurudi Bulumbi kumchukua mama yake, ndipo wageuze kwenda mpakani.

"Fundi, bado?"

"Dakika mbili, Mwalimu."

Nikaupitisha waya kwenye tundu, nikafunga kichwa cha betri, nikawasha muziki. Taa hazikukonyeza tena. Besi ilitoka safi, unaisikia kifuani. Akina mama walipiga vigelegele, wakaingia, mlango ukateleza ukafungwa, vani ikaondoka. Nilisimama barabarani nikiitazama kama mtu aliyesindikiza mtoto shule.

Nikaagiza chai. Nikasafisha meza polepole, nikapanga spana. Nadhani ilipita saa nzima na zaidi. Nilipoinua kikombe mara ya pili, chini yake kulikuwa na ile raba.

Sijui niwaelezeje. Ilikuwa kitu kidogo, cheusi, kipya, kimekaa juu ya meza kimetulia.

Niliona kila kitu kwa mpigo. Tundu lenye meno, ambalo sikulipiga tupa. Waya umelalia meno hayo. Barabara ya Bulumbi na mashimo yake, kwenda na kurudi, chuma kikiusaga waya kila gari linaporuka. Na fyuzi iko nyuma. Hapa ndipo nataka mnisikilize kuliko mahali pengine popote. Wengi mnadhani fyuzi inalinda amplifaya. Fyuzi ile kubwa inalinda waya, na inalinda kile kipande tu kilicho baada yake. Ikiwa nyuma, basi mita nne za waya, kutoka betri hadi mwisho wa gari, hazina mlinzi. Gamba la waya likichanika na shaba ikagusa bodi, betri itamimina nguvu zake zote mahali pale, na hakuna cha kukata. Waya unageuka kuwa kama ule mwekundu wa ndani ya jiko la umeme. Umepita chini ya zulia, na juu ya zulia kuna miguu ya watu.

Nilipiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena. Baadaye nilijua Mwalimu aliizima ili chaji imtoshe kupiga picha za harusi.

Nilichomoa spana namba kumi kwenye mpangilio. Mnajua namba kumi huwa haionekani inapotakiwa. Siku ile ilionekana, na huo ndio msaada pekee niliopata. Nikasimamisha bodaboda.

"Mama, tunakwenda wapi?"

"Mpakani. Natafuta vani nyeupe ya kwaya."

"Ile yenye muziki? Imepita hapa saa hii hii. Muziki yake inakatika-katika."

Inakatika-katika. Shaba ilishaanza kugusa chuma. Nilimshika bega yule mtu nikamwambia akimbize.

Foleni ya kuvuka kuelekea Kenya siku ile ilikuwa ndefu, malori upande mmoja na magari madogo yamejibana ubavuni. Yalikuwa malori ya mafuta yanayorudi baada ya kushusha mzigo. Watu wakiona tangi tupu wanapumua wakidhani hatari imeshuka nalo. Tangi tupu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaoshika moto upesi. Dereva mmoja wa malori hayo aliwahi kunieleza hivyo nikimfungia redio, na nilikuwa nimesahau mpaka dakika ile.

Nikashuka kwenye pikipiki, nikakimbia kati ya magari. Nilikuwa na miaka hamsini na nane, na viatu vya kazi. Nilikimbia nikinusa. Harufu ya plastiki inayoungua huwezi kuichanganya na nyingine ukishaijua: ni tamu kidogo, inakaa kooni. Niliipata kabla sijaiona vani.

Ilikuwa imebanwa ubavuni mwa lori la mafuta, karibu sana hivi kwamba mlango wake wa kuteleza ungefunguka lakini mtu mnene asingepita. Dirisha la dereva lilikuwa wazi. Mwalimu Mangeni alikuwa ameinama anagonga redio kwa kidole.

"Fundi? Umejuaje? Hii kitu yako inakata, inarudi, inakata."

"Mwalimu, zima gari. Fungua boneti."

"Kuna nini?"

"Fungua boneti."

Akazima. Muziki ukanyamaza, akina mama wakanyamaza. Na katika ule ukimya tukasikia sauti ndogo, tss, tss, kama mafuta kwenye kikaango, ikitoka karibu na miguu yake. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda kwenye usukani.

"Nimezima," akasema, akiutazama.

"Ule waya haupitii funguo. Umetoka betri moja kwa moja. Vuta boneti, Mwalimu."

Kishikio cha boneti kiko chini ya dashibodi, palepale penye moshi. Alipeleka mkono, akaurudisha. Akapeleka tena na kuvuta, na boneti ikaruka kidogo. Baadaye niliona ngozi ya vidole vyake imeinuka.

"Tokeni wote," nikawaambia akina mama. Sikupaza sauti. Niliogopa nikisema moto, watu wa foleni nzima watawasha magari yao wakimbie. "Tokeni mlango wa dereva, polepole, mwende nyuma kabisa, msisimame karibu na hili lori."

"Na Kukhu?" mmoja akauliza.

Sote tulimwita mama wa Mwalimu Kukhu, bibi. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, kitambaa cheupe kichwani. Mguu wake mmoja ulikuwa umepooza tangu alipougua kiharusi, na kumpandisha garini lilikuwa jambo la watu wawili na dakika kumi. Chini ya kiti chake ndipo waya ulipokuwa unapita.

Mwalimu Mangeni alishageuka kumfuata. Mimi nikaenda mbele nikainua boneti.

Sasa nisikilizeni kuhusu mkono wangu. Miaka thelathini nimejua, ukitaka kukata umeme wa gari unaanza na hasi, ile iliyofungwa kwenye bodi. Ukianza na chanya, spana ikigusa chuma chochote, umetengeneza cheche nyingine kubwa kuliko ya kwanza. Nimewaambia watu wengi hivyo, mpaka wakachoka kunisikia. Mkono wangu siku ile ulikwenda moja kwa moja kwenye chanya, kwa sababu waya mwekundu ulikuwa pale, na macho yangu hayakuona kingine. Spana ilishagusa nati. Nikausikia mvuke wa petroli puani, au nilidhani nimeusikia. Nikautoa mkono.

Nikaenda hasi. Nati haikuzunguka. Niliikaza mwenyewe asubuhi ile, kwa nguvu zangu zote, kama nilivyofundishwa. Nikaegemea spana, ikateleza, kifundo cha kidole kikagonga chuma. Nyuma yangu mtu akasema, "Madam, nini inachomeka hapo?"

Alikuwa dereva wa lori la mafuta, Mkenya, kijana mpana mwenye kofia ya sufu. Nilisema bila kugeuka, "Waya. Una kizimamoto?"

Hakuuliza la pili. Nilimsikia akipanda na kushuka. Halafu nikamsikia akimwambia mama aliyekuwa anachoma mahindi kando ya barabara, kwa upole kabisa, "Mathe, funika hiyo makaa. Saa hii. Mwaga maji yote." Akaja akasimama ubavuni mwangu, mtungi mwekundu mkononi, pini ameshaitoa.

"Nipulize hapa?"

"Bado. Betri kwanza. Ukizima moto na umeme upo, utarudi."

Ndani ya vani nilimsikia Kukhu akisema, "Mangeni, mnanitoa wapi? Tumefika?" Na Mwalimu akisema, "Bado, mama. Shika shingo yangu." Mama mmoja wa kwaya alikuwa amebaki naye, alikuwa amemshika Kukhu miguu. Moshi sasa ulikuwa mweusi, nao walikuwa wanampitisha Kukhu juu ya viti, kiti kwa kiti, kuelekea mlango wa dereva.

Nikaweka spana upya, nikashika kwa mikono miwili, nikaning'inia. Nati ikalia, ikazunguka. Nikazungusha nusu, nikakipindapinda kichwa cha betri huku na huku mpaka kikatoka. Ile tss ikakoma.

"Sasa," nikamwambia. Akapuliza unga mweupe kwenye tundu, halafu akazunguka akapuliza chini ya dashibodi, mguuni pa dereva, ambapo ulimi mdogo wa moto ulikuwa umeshika zulia. Ulikuwa mfupi kama wa kibiriti. Ukazimika.

Nilipoinua kichwa, Mwalimu alikuwa amekaa chini barabarani, Kukhu mapajani kwake kama mtoto, wote wawili wamepakwa unga mweupe. Kukhu alikuwa anakohoa. Yule dereva aliurudisha mtungi wake, akanitazama mimi, akalitazama tangi lake, akapanda lori akakaa. Jina lake sikulipata.

Nimefika mahali ambapo ningependa kuruka, lakini hapo ndipo penye kazi.

Akina mama walirudi. Walipoona moto umekwisha na Kukhu yuko hai, walinizunguka. Mmoja alinishika kichwa akaanza kuomba, wakaitikia wote. Walisema Mungu amenituma. Mwalimu Mangeni, vidole vimefungwa kwa leso, akasema, "Fundi, kama usingekuja." Hakuweza kumaliza. Nami nilisimama pale katikati yao, spana mkononi, nikasema amina.

Nilisema amina na nikanyamaza. Tukaisukuma vani pembeni, wakapata gari lingine, wakaenda harusini. Jumapili habari zilikuwa zimefika kila mahali. Kanisani kwao walinitaja, na watu wa sokoni walinisimamisha kunishika mkono. Kila aliyeuliza nilijuaje, nilisema nilihisi tu. Mwanamke mmoja akasema hizo ni karama.

Jumatatu nilipanda gari la Tororo, nikaenda kwa Mzee Ochwo. Alikuwa hafanyi kazi tena, anakaa nyumbani na redio ya zamani aliyoifungua na kuifunga kila siku kupoteza muda. Nikamsimulia yote, raba, fyuzi, meno ya tundu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Na mwenye gari anajua?"

"Hajui."

Akageuka akaendelea na redio yake. Mke wake alitokea na birika, Mzee akamtazama, birika likarudi ndani. Nilikaa kidogo nikaaga. Miaka yote niliyomjua, hiyo ndiyo siku pekee niliyotoka nyumbani kwake bila chai.

Sikurudi Busia moja kwa moja. Niliunganisha hadi Bulumbi. Mwalimu alikuwa nyuma ya nyumba anaanika mihogo kwa mkono mmoja. Kukhu alikuwa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Aliponiona alitabasamu akaanza kumwita mtu alete kiti.

"Nisimame tu, Kukhu," nikasema. Halafu nikamwambia Mwalimu. Nilimwambia ninavyowaambia ninyi: tundu sikulipiga tupa, raba niliisahau mezani, fyuzi niliiweka nyuma nikijua mahali pake ni mbele, kwa sababu walikuwa wananisubiri na mimi nilitaka kumaliza. Nilimwambia sikuhisi kitu chochote, niliona raba chini ya kikombe.

Alisimama na kipande cha muhogo mkononi. "Mama yangu alikuwa ndani," akasema.

"Najua."

"Watu tisa, Fundi, ukiniacha mimi. Na tangi lile."

"Najua, Mwalimu."

Akaweka muhogo chini akatembea akaingia shambani, akapotea kwenye migomba. Nikabaki na Kukhu. Sikujua kama niondoke. Kukhu alikuwa haangalii upande wangu tena, alikuwa anaangalia mguu wake. Baada ya muda akasema kwa Kisamia, sauti ndogo, kwamba yeye pale kwenye kiti alisikia joto chini ya unyayo, ule unyayo mzima, akadhani ni jua.

Mwalimu aliporudi, uso wake ulikuwa umeoshwa. "Kesho nitaivuta vani mpaka kwako," akasema. "Utafanya upya. Mimi nitakaa hapo nione kila kitu."

Akaja. Akakaa kwenye kibao changu kuanzia asubuhi, mikono kifuani, kama anasimamia mtihani. Nilitoa waya ule wote; karibu na tundu gamba lilikuwa limeliwa, shaba imechomoza na kuwa nyeusi. Nilimpa mkononi, akaushika muda mrefu. Nikapiga tupa tundu mpaka kidole changu kikazunguka ndani bila kukwaruzwa, kisha nikamwomba na yeye apitishe cha kwake. Nikavalisha raba. Nikafunga kikasha cha fyuzi shubiri moja kutoka betri. Akainuka akapima kwa kiganja chake mwenyewe. Kila kiungo nilichofunga, alikuja akakivuta, ijapokuwa hakuna aliyewahi kumfundisha.

Mwisho nikamwambia atazame. Nikachukua ncha ya waya mwekundu kule nyuma, kabla ya kuifunga kwenye amplifaya, nikaigusisha kwenye bodi kwa makusudi. Mbele ikasikika tak, kitu kidogo kama kidole kikikatwa kucha. Basi. Hakuna moshi wala harufu. Nikamwonyesha fyuzi iliyokatika.

"Rudia," akasema.

Nikaweka fyuzi mpya nikarudia. Tak.

"Tena."

Nilitumia fyuzi tatu siku ile kwa mtihani wa Mwalimu Mangeni, na ya nne nikaifunga ibaki. Niliunganisha amplifaya, nikawasha muziki kwa sauti ndogo, nikafuta mikono. Nilidhani atachukua funguo aende. Badala yake alizunguka akafungua mlango wa abiria, akakaa, akafunga mkanda.

"Endesha wewe," akasema.

"Niende wapi?"

"Bulumbi. Mama ana kliniki leo."

Niliendesha. Miguu yangu ilikuwa palepale, zulia jipya bado halijawekwa, waya mwekundu unapita kando ya kifundo changu, nami kila shimo la ile barabara nililihesabu. Nyumbani kwake tulimbeba Kukhu pamoja, yeye kwapani, mimi magotini, tukamkalisha kiti kilekile cha nyuma. Nikarudi kwenye usukani. Nilimwona kwenye kioo: ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, macho ameyaelekeza chini kwenye sakafu.

Nikaondoa gari taratibu. Tulipita kanisa, tukapita kisima. Tulipokaribia barabara kubwa, Kukhu aliachia mkono mmoja, akanigusa bega kwa kidole.

"Nabwire," akasema, "hiyo muziki mbona haisikiki?"

Nikamtazama Mwalimu. Akanyoosha mkono wake wenye bandeji, akaongeza sauti yeye mwenyewe.